Choroko za Kupaaza kwa Jioni ya Siku ya Kazi

Muulize mpishi yeyote wa nyumbani kwa nini maharage hayaingii chunguni kwake zaidi ya mara moja au mbili kwa juma, na jibu lake halitagusa lishe. Kwamba mikunde inajenga mwili, hilo limeshasemwa kliniki, shuleni na redioni mpaka halina jipya. Atakachokutajia ni mkaa, au mtungi wa gesi, au saa. Maharage makavu hukaa motoni saa moja na nusu, mara nyingi mbili, na yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima huzidi hapo. Aliyeshuka daladala saa kumi na mbili na nusu jioni, watoto wanasubiri, hawezi kuianza safari hiyo. Ataishia kwenye mayai, au dagaa, au ugali na mchicha basi. Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja: mikunde inayolifaa jiko lako si ile yenye namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali la virutubisho, bali ile inayoweza kuiva jioni ya siku ya kazi. Kwa kipimo hicho choroko za kupaaza zinaziacha nyingi nyuma, na mengi yanayosemwa kuzipinga yanajibika, ingawa si yote.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana hapa watu hununua kitu kingine halafu wakamlaumu aliyewapa mapishi. Choroko za Tanzania bara ndizo chooko za Unguja, pojo za Mombasa na ndengu za Kenya bara. Mkenya akiomba ndengu katika soko la Dar es Salaam anaweza kupimiwa dengu, ambazo ni zao jingine kabisa. Kupaaza, au kuparaza kama wengine wasemavyo, ni kuzipasua punje kwa jiwe au kwa mashine bila kuzifikisha kwenye unga. Zikipaazwa na maganda yake utaona kijani na njano vimechanganyika. Zikikobolewa hubaki njano tupu, vipande vidogo, bapa, virefu kidogo kuliko upana wake. Udogo huo ndio alama yako dukani. Dengu za kupaaza nazo ni za njano, lakini vipande vyake ni vikubwa na vinene, na huchukua muda mrefu zaidi motoni. Mbaazi za kupaaza zina umbo la mviringo zaidi na zenyewe hukaa katikati. Kwenye pakiti za viwandani tafuta neno moong, kwa kuwa wenye kiwanda wengi huandika jina la Kihindi.

Sasa sababu ya wepesi wake. Ganda la choroko linafanya kazi ya koti la mvua. Kwenye punje nzima maji huingia hasa kupitia kile kidoa cheupe cha ubavuni, tena polepole, na zipo punje ambazo ganda lake linagoma kabisa kupitisha maji. Ndizo zile unazozikuta mdomoni ngumu kama changarawe ilhali wenzake wameshapondeka. Ukilivua ganda na kuigawa punje vipande viwili, maji yanapata uso mpana wa kuingilia na safari fupi ya kufika katikati. Ndiyo maana choroko nzima ambazo hazikulowekwa huchukua dakika 40 hadi saa nzima, zilizopaazwa na ganda kama nusu saa, na zilizokobolewa dakika 20 hadi 25, bila kulowekwa. Faida ya pili haisemwi sana: hakuna kishawishi cha kutia magadi. Magadi hulainisha mikunde kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni ambayo hakuna kiungo kinachoificha. Mwenye sufuria ya presha atasema tatizo la muda yeye alishalitatua, na nusu ya neno lake ni kweli. Hata hivyo presha nayo inahitaji muda wa kupanda na kushuka, kuna nyumba nyingi zisizokuwa nayo, na huwezi kuifunua katikati ukaonja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la lishe yenyewe. Watasema: ukikoboa umetupa kilicho bora. Tusilikwepe. Gramu 100 za choroko kavu zisizokobolewa zina protini kiasi cha gramu 24, wanga kama gramu 60, mafuta gramu 1 na kidogo tu, na nyuzinyuzi gramu 16 au 17. Zilizokobolewa zina protini ileile, pengine zaidi kwa nukta chache kwa sababu ganda halina protini ya kuhesabika, lakini nyuzinyuzi zake hushuka hadi gramu 9 hivi, na madini ya chuma nayo hupungua. Hasara ya nyuzinyuzi ni ya kweli na haina maelezo ya kuipamba. Hasara ya chuma ina upande wa pili: ganda hilohilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya tanini, kemikali zinazokishika chuma tumboni na kukizuia kisifyonzwe. Kwa hiyo unachopoteza kwenye jedwali hurudi kwa sehemu kwenye damu. Jibu lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni kwamba swali limewekwa vibaya. Jioni ya siku ya kazi hakuna anayechagua kati ya choroko nzima na za kupaaza. Anachagua kati ya choroko za kupaaza na sahani isiyokuwa na mikunde kabisa. Gramu 9 za nyuzinyuzi ni nyingi mno ukizilinganisha na gramu 1 hivi iliyomo kwenye mchele mweupe wa uzito huohuo. Na kama nyuzinyuzi ndizo unazozitafuta, kwa kuwa choo kinakusumbua au sukari yako inapanda, nunua zilizopaazwa na ganda. Dakika kumi zaidi motoni zinakurudishia karibu zote. Kitu kimoja tu huwezi kukipata kwa namna yoyote: punje iliyopasuliwa haioti, kwa hiyo mpenda choroko za kuotesha aendelee na nzima.

Kuhusu protini kuna kutia chumvi pande zote mbili. Wanaoziita choroko nyama ya maskini wanazidisha, na wanaozidharau wanazidisha vilevile. Piga hesabu ya chungu chako. Kikombe kimoja cha choroko za kupaaza, yaani gramu 200 hivi, kina protini gramu 48. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina kama gramu 50. Wakila watu wanne, kila mmoja amepata gramu 12, nusu saa tangu kuwasha moto. Tofauti iko kwenye ubora. Protini ya choroko ina laisini kwa wingi, ile asidi amino ambayo mahindi na mchele vimepungukiwa nayo, lakini yenyewe ina uhaba wa methionini, ambayo nafaka zinayo zaidi. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Wala si lazima vikutane kwenye kijiko kimoja: ugali wa mchana na choroko za usiku vinatosha, mradi vyote vimo katika siku. Ambacho choroko haziwezi kukupa ni vitamini B12, inayotoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Asiyekula hata kimoja kati ya hivyo asidanganyike kwamba mikunde itambeba peke yake.

Pwani ya Waswahili iliukubali undugu huo wa nafaka na mikunde kabla ya maabara, na ikaupa jina: mseto. Neno hilo leo linatumika kwa serikali za vyama vingi na kwa dawa za malaria, lakini kwenye kamusi ya jikoni mseto ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikashikana, zikaliwa na mchuzi wa papa au samaki wa kukaanga. Bahari ya Hindi nzima inakijua chakula hiki kwa sura mbalimbali. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipokaa India baadaye aliandika kuhusu kishri, choroko zinazopikwa na mchele na kuliwa na samli asubuhi. Basi anayesema choroko za kupaaza ni chakula cha Wahindi ana ukweli wa asili ya zao, maana choroko zilianza kulimwa huko, lakini anasahau kuwa ziko kwenye vyungu vya pwani tangu zamani.

Tuingie jikoni. Chungu cha msingi kinajengwa hivi. Chagua mawe kwa kutandaza kwenye sinia, kisha osha kikombe kimoja cha choroko mara tatu au nne mpaka maji yakaribie kuwa maangavu. Unga mweupe unaotoka ni wanga wa vipande vilivyosagika, na ukiuacha chungu kitafurika povu na kushika chini. Tia vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Maji yakichemka povu litapanda tu, liondoe kwa upawa, dondoshea tone la mafuta, punguza moto na ufunike nusu. Baada ya dakika 20 bonyeza kipande kwa vidole: kikipondeka bila kiini kigumu, tayari. Hapo ndipo utie chumvi, na hapo ndipo uamue kama unataka vipande vionekane au uviponde kwa mwiko. Wali unapenda choroko nyepesi kidogo. Chapati na ugali zinataka nzito, zinazoshikika kwenye tonge.

Hadi hapa una kitu chenye lishe ambacho hakuna atakayekiomba tena. Ladha inatoka kwenye hatua ya pili, na wengi wanaoilaumu choroko kwa kuwa haina ladha huwa wameiruka. Kwenye kikaango kidogo pasha vijiko viwili vya mafuta au samli, tia bizari nzima, ile wanayoiita uzile au bizari nyembamba, na uiache ilie na kugeuka rangi bila kuungua. Kisha kitunguu maji mpaka kiwe hudhurungi, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili mbichi iliyopasuliwa, na mwisho nyanya. Nyanya zikaangwe mpaka mafuta yajitenge pembeni, ndipo umimine vyote kwenye choroko na kuziacha zichemke pamoja dakika tano. Kuna sababu mbili za kutochanganya tangu mwanzo. Harufu za viungo hivi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo ukivichemsha tu unazipeleka hewani. Na ukali wa nyanya, kama ule wa ukwaju au ndimu, huchelewesha mikunde kulainika. Ukiutia mapema dakika 20 zinageuka 40 na hoja yote ya mwongozo huu inaporomoka.

Kwa choroko za nazi, punguza viungo. Pilipili nzima, kitunguu na chumvi vinatosha, kwa sababu tui halipendi kelele. Chemsha choroko kwa maji mpaka ziive, ongeza tui jepesi lichemke nazo kidogo, kisha tui zito mwishoni kwa moto mdogo huku ukikoroga upande mmoja. Likitokota kwa nguvu litakatika. Kamulia ndimu baada ya kuepua. Mtu anayepunguza mafuta kwa ushauri wa daktari atumie tui jepesi peke yake. Mchuzi utakuwa mwepesi, lakini hautakuwa mbaya.

Ndimu hiyo si ya ladha tu. Chuma kilichomo kwenye mikunde hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na vitamini C inayoliwa pamoja nacho huongeza ufyonzwaji waziwazi. Kachumbari ya nyanya na kabichi mbichi, embe bichi, chungwa baada ya chakula, vyote vinafanya kazi hiyo. Chai inafanya kinyume. Tanini zilizoondoka na ganda zinarudishwa na kikombe cha chai ya rangi kinachonywewa sambamba na chakula cha usiku, desturi iliyozoeleka nyumba nyingi. Sogeza chai saa moja mbele au nyuma. Ni badiliko lisilo na gharama, na kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu lina maana kuliko kubishana juu ya ganda.

Mseto ndipo choroko za kupaaza zinapoonyesha ubora wake hasa. Ukitumia choroko nzima lazima uzitangulize, uvizie zifike nusu, ndipo utie mchele, na kila mara kimoja kitakuwa mbele ya kingine. Zilizokobolewa zinaiva kwa muda uleule wa mchele, kwa hiyo vikombe viwili vya mchele na kimoja cha choroko vinaoshwa pamoja, vinatiwa vikombe sita vya maji au tui jepesi, chumvi, na kusahauliwa kwenye moto mdogo. Utakuwa laini, wa kuchota kwa mwiko na kusawazisha kwenye sinia. Ukitaka punje zilizoachana, fanya kama Wabengali: kaanga choroko kavu, bila mafuta, dakika tatu au nne mpaka zinukie kama karanga na kuanza kupata wekundu, kisha punguza maji hadi vikombe vinne na nusu. Pembeni weka mchuzi wa papa, ng'onda, au dagaa wa kukaanga na pilipili. Samaki kidogo tu anatosha, kwa sababu hapa kazi yake ni kukoleza, na B12 inakuja naye.

Asubuhi choroko zina nafasi yake pia, na kwa maoni yangu hapa ndipo zimesahaulika isivyo haki. Loweka kikombe kimoja usiku, au kwa saa tatu nne, chuja, saga kwa blenda pamoja na kipande cha tangawizi, pilipili na maji kidogo mpaka ujiuji wako ulingane na wa chapati za maji. Tia chumvi na kitunguu kilichokatwa, mimina upawa mmoja kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, tandaza, geuza. Unapata chapati laini ya njano isiyo na hata chembe ya ngano, inayokaa tumboni muda mrefu kuliko maandazi mawili. Ujiuji huohuo ukisagwa ukiwa mzito, ukapigwa kwa mkono mpaka uingie hewa, ni bajia. Ni mbinu ileile ya bajia za kunde, ila hapa huna kazi ya kuvua maganda. Chumvi itiwe dakika ya mwisho kabla ya kukaanga, la sivyo mchanganyiko utatoa maji na bajia zitakunywa mafuta.

Lipo pingamizi la heshima, ambalo halisemwi kwa sauti: choroko za kupondeka ni chakula cha mgonjwa, cha mzee asiye na meno, cha mtoto. Mgeni hakaribishwi nacho. Sifa iliyowafanya wauguzi wa nyumbani wakichague ni kwamba tumbo linakipokea bila vita, na sijui kwa nini tumbo la mtu mzima liadhibiwe kwa kuwa halijaugua. Kama shida ni sura, usiponde. Epua choroko dakika tatu kabla ya kulainika kabisa, zikiwa na umbo, na umwagie vile viungo vya kikaangoni juu mbele ya walaji. Gesi tumboni nayo inatajwa sana. Chanzo chake ni sukari za jamii ya rafinosi ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzivunja, mpaka bakteria wa utumbo mpana wazipokee na kutoa hewa. Choroko zinasifika kuwa na adha ndogo kuliko maharage. Tumbo lako likiwa jepesi kukasirika, loweka nusu saa, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na uanze na sahani ndogo kwa juma moja au mawili. Bakteria nao hujifunza.

Bei ni pingamizi la haki. Kilo ya zilizokobolewa huuzwa ghali kuliko ya nzima, kwa sababu ganda peke yake ni karibu sehemu ya kumi ya uzito, na mashine hupoteza nyingine kwa kuvunjavunja. Usilinganishe bei za kilo. Linganisha bei za kilo iliyoiva. Chukua bei ya kilo ya choroko nzima, ongeza thamani ya mkaa wa nusu saa ya ziada kwa kila chungu, na kilo moja ni vyungu vitano. Mwenye kupikia kuni za bure shambani anaweza kukuta nzima ni nafuu bado, na asikilize hesabu yake, si yangu. Anayenunua mkaa kwa kopo mjini mara nyingi atakuta pengo limefutika. Kisha linganisha na nyama: kilo ya choroko ina gramu 240 za protini, kilo ya nyama isiyo na mfupa ina kama 200. Gawa bei kwa gramu, uone.

Au paaza mwenyewe. Anika choroko juani siku moja zikauke vizuri, zipashe kwenye kikaango kikavu dakika chache ili ganda lilegee, ziache zipoe, kisha zipitishe kwenye jiwe la kusagia, au kwenye blenda kwa kubonyeza na kuachia, mara tatu nne tu. Pepeta kwa ungo: maganda mepesi yataruka, unga utadondoka, vipande vitabaki. Hutapata njano tupu ya kiwandani na huna haja nayo. Mchanganyiko wenye maganda machache ndio mlo wa kati kati ya wepesi na nyuzinyuzi. Maganda wape kuku. Wakulima wa Shinyanga, Simiyu, Kitui na Makueni wanavuna zao hili ndani ya miezi miwili hadi mitatu, tena kwa mvua chache, lakini soko kubwa linalotazamwa ni India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza choroko na mbaazi kutoka nje, msukosuko ulifika mpaka kwenye maghala ya huku. Mlaji wa nyumbani hawezi kuichukua nafasi ya soko hilo, ila kila chungu kinachopikwa hapa ni kilo ambayo haikusubiri ruhusa ya forodha ya mbali.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, umri ambao Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya, choroko zilizokobolewa ni mwanzo mzuri: ziponde na wali laini au viazi, ongeza mafuta kidogo au tui, usitie chumvi. Zinanishawishi zaidi kuliko ule unga wa lishe wa nafaka kumi, ambao mara nyingi haujulikani kipi kimo kwa kiasi gani. Mjamzito atapata foleti, ambayo choroko zinayo nyingi, lakini zisichukue nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Mwenye kisukari atafaidika kwa kuwa wanga wake huingia kwenye damu polepole, mradi sahani isiwe mseto wenye mchele mara nne ya choroko. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu au protini aulize kwanza, maana choroko zina vyote viwili kwa wingi.

Hifadhi ni rahisi kuliko ya nzima. Yule mdudu anayetoboa punje hutaga mayai juu ya ganda laini la punje nzima na funza wake hukulia ndani. Vipande havimpi nyumba nzuri. Unyevu ndio adui, basi weka kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu, na usichanganye mpya na za zamani, kwa sababu za zamani huchelewa kuiva na chungu kitakuwa na sauti mbili. Zilizopikwa huganda zikipoa, hata ukadhani zimeharibika. Maji ya moto kidogo na mwiko huzirudisha. Mseto wa kiporo usilale mezani usiku kucha kwenye joto la pwani, kwa kuwa wali uliopoa polepole huzalisha bakteria ambao kuupasha moto hakutoshi kuondoa sumu yao. Uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi ukatwe vipande na kukaangwa pande zote mbili mpaka ushike rangi. Asiye na friji apike kikombe kimoja badala ya viwili. Kesho dakika 20 zitakuwepo tena.